Nyumba ya Kapernaumu na Kamba za Mwakitolyo

Hija na ufuasi: sehemu ya tatu

Wiki iliyopita tulikuwa Bethlehemu, kwenye mlango wa Kanisa la Kuzaliwa kwa Bwana, mlango wa mita 1.2 hivi unaomlazimisha kila aingiaye kuinama, awe askofu au mchukuzi wa mizigo. Leo tunapanda kaskazini hadi Kapernaumu na hatutatoka hapo. Mabasi ya mahujaji hayakawii Kapernaumu: watu hushuka, hupiga picha getini, huzunguka magofu, kisha safari inaendelea. Kwa maoni yangu, kama kuna mahali katika nchi ile ambapo Mkristo wa Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu ya Shinyanga, angefika akajiona yuko kwao, ni hapa.

Tuanze na ziwa ambalo Kapernaumu iko ufukweni mwake. Aliyekulia Kanda ya Ziwa akifika Galilaya hushangaa udogo wake: kilomita za mraba 166 tu, wakati Ziwa Victoria lina takriban 68,800. Ng'ambo inaonekana kwa macho. Samaki anayeuzwa huko kwa jina la Petro ni wa jamii moja na sato wetu. Kijiji chenyewe kilikuwa cha watu wa kazi: wavuvi, wakulima, wachongaji wa mawe ya kusagia. Mpaka kati ya utawala wa Herode Antipa na ule wa ndugu yake Filipo ulikuwa jirani, na ndiyo maana Mathayo alikuwa na meza yake ya ushuru hapo. Marko anakumbuka hata vibarua wa mshahara waliobaki chomboni na mzee Zebedayo siku wanawe walipoondoka. Yesu hakuwakuta wanafunzi wake hekaluni. Aliwakuta kazini, wakiwa na madeni, vyombo vya kukarabati na watu wa kuwalipa.

Wafransiskani walilinunua eneo la magofu mwaka 1894. Kuanzia 1968 mapadre wawili wanaakiolojia, Virgilio Corbo na Stanislao Loffreda, walichimba chini ya kanisa la pembe nane la karne ya 5, wakakuta nyumba ya kawaida kabisa, ya familia ya kuvua samaki, yenye vyumba vidogo vinavyozunguka ua. Chumba kimoja kilikuwa kimepigwa lipu tangu zamani sana, tofauti na nyumba za majirani, na juu ya lipu hiyo watu waliokuja kusali walikwaruza jina la Yesu. Egeria, mwanamke aliyehiji miaka ya 380, aliandika kwamba nyumba ya mkuu wa mitume imefanywa kanisa na kuta zake bado zimesimama. Hati ya umiliki haipo, lakini mapokeo kwamba hii ni nyumba ya Petro ni ya kale mno, nami nayaamini. Tangu 1990 kanisa jipya limesimama juu ya magofu kwa nguzo, na katikati ya sakafu yake wameweka kioo: unaketi kwenye benchi, unainama, unaiona nyumba chini ya miguu yako.

Katika kundi letu alikuwamo mzee mmoja wa kanisa ambaye ujana wake aliumalizia maduarani, katika mashimo ya dhahabu. Wakati sisi wengine tumeinamia kioo tukinong'ona sala, yeye alikuwa anazipima kuta kwa macho. Akamwuliza mwongozaji dari ya nyumba ile ilikuwa ya nini, na ingebeba watu wangapi. Swali hilo lilitufaa kuliko maelezo yote ya asubuhi. Kuta za Kapernaumu zilikuwa za mawe meusi ya volkano yaliyopangwa bila chokaa, zisingestahimili ghorofa. Juu walilaza miti, wakatandika matete na majani, wakakandika udongo, kama tembe za Ugogo na Unyamwezi. Ngazi ya kupandia ilikuwa uani.

Sasa isome upya sura ya pili ya Marko. Watu wanne wanamleta aliyepooza, mlango umezibwa na umati, wanapanda juu, wanachimba dari na kumshusha pamoja na godoro lake mbele ya Yesu. Mzee wetu alieleza jambo ambalo sijawahi kulisikia mimbarani: kutoboa udongo wa namna ile huku chini kumejaa watu, na kumteremsha mtu asiyeweza hata kujishika, si kazi ya wasiojua kamba. Wanne lazima walegeze kwa pamoja. Mmoja akitangulia kidogo, mgonjwa anapinduka.

Marko anasema Yesu aliitazama imani yao, ya wale waliomleta, ndipo akasema na mgonjwa. Wanne hao hawana majina. Hawamo katika Thenashara na hawatajwi tena. Lakini mimi nawahesabu kuwa wanafunzi wa Yesu, tena wa kwanza kuelewa anachotaka, maana katika sura hizo za mwanzo Petro na wenzake wako nyuma yake tu wakistaajabu, wakati hawa wamekwisha kubeba mtu.

Mwakitolyo haihitaji kuelezwa habari za kamba. Kata hii ya Wilaya ya Shinyanga inaishi kwa dhahabu ya wachimbaji wadogo: maduara, makarasha ya kusagia mawe, mialo ya kuoshea dhahabu, mama lishe, bodaboda, na makanisa katikati ya hayo yote. Kijana anaposhuka duarani, aliye juu anaweza kuwa kaka yake au mtu aliyefahamiana naye juzi. Kama kamba imechakaa, kama mbao zinazoshikilia kuta zimeoza, kama mvua imelowesha udongo usiku kucha, anayeshuka hana namna ya kuyajua yote. Anayeyajua ni msimamizi na mwenye duara. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, duara lilititia mwezi Oktoba. Wachimbaji watano wakatolewa hai katikati ya Novemba, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Tulishangilia muujiza, na ulikuwa wa kushangiliwa. Ila wengi mno katika machimbo yetu hawakutoka.

Nasema wazi: mwenye duara aliye mzee wa kanisa, anayetoa fungu la kumi kila Jumapili, na Jumatatu asubuhi anawashusha vibarua kwenye kuta zilizolowa bila kuzikagua, huyo bado hajaanza kumfuata Yesu wa Kapernaumu. Ibada yake haiifikii nyumba ile. Na yule kibarua asiye na kitu, anayekataa kuiachia kamba mpaka mwenzake wa mwisho atoke, yuko juu ya dari pamoja na wale wanne, hata kama hajui kusoma Marko.

Wasomaji wameuliza kama basi ni lazima kwenda kuhiji huko Kapernaumu. Swali hili ni la zamani. Gregori wa Nisa, askofu wa Kapadokia, alifika Yerusalemu karibu na miaka ile ile ya Egeria, akarudi na kuandika barua ya ukali: kubadili mahali hakumsogezi mtu kwa Mungu, na mwenye moyo mchafu atakuwa na moyo mchafu hata Golgotha. Egeria kwa upande wake alikwenda kila mlima na kila kisima, akiomba asomewe habari ya kila mahali pale pale penyewe. Ninampenda Egeria, na bila yeye tusingejua mengi. Lakini kwa Mwakitolyo ningemwalika Gregori kwanza. Nauli ya kwenda Tel Aviv na kurudi hununua mbao nyingi za kukinga kuta. Aliyekwisha kuzikinga akipata nafasi, aende, tena aende kwa furaha. Kapernaumu itamfungukia kama ilivyomfungukia mzee wetu.

Kuna kisa kingine ambacho Marko anakiweka Kapernaumu, nyumbani, katika sura ya tisa. Wanafunzi wamekuja njiani wakibishana nani mkubwa. Yesu anaketi, anawaita wote kumi na wawili, anamchukua mtoto, anamsimamisha katikati yao, anamkumbatia, na kuwafundisha kwamba kumpokea mtoto wa namna hiyo ni kumpokea yeye mwenyewe.

Nakitaja kwa uchungu. Wavuvi wale waliujua usiku wa kukosa. Luka anasimulia jinsi Petro alivyokesha na nyavu tupu. Mchimbaji anaujua pia: amechimba kwa miezi, deni la chakula limepanda, mawe yamepita karasha na hayakutoa kitu. Ndipo anatokea wa kumnong'oneza kwamba duara limefungwa na linataka dawa. Tunajua dawa hizo zilifika wapi. Kuanzia mwaka 2007 hivi, watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, wengi wao watoto, waliuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta bahati ya madini na samaki. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana mwenye ualbino. Nchi yetu ilikuwa imejaa makanisa wakati hayo yanatendeka. Petro katika usiku wake wa kukosa alitii neno moja na kushusha nyavu tena. Katika kukosa kwetu, wapo waliomgeukia mtoto na panga.

Hata pasipo damu, mtoto anaumia. Human Rights Watch katika ripoti yake ya 2013 iliwakuta watoto kwenye machimbo ya Geita, Kahama na Chunya, wengine wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki ikichomwa ili ibaki dhahabu, mvuke wake huingia mapafuni na kuharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto huathirika zaidi kwa sababu mwili wake bado unakua. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi ya hatari. Basi jumuiya inayokutana jioni kusoma Marko tisa iulize, kwa majina, ni watoto gani wa mtaa wao hawakuonekana shuleni wiki hii kwa sababu walikuwa mwaloni, na nani ataongea na wazazi wao kesho. Mara nyingi mama anayemtuma mtoto ni mjane anayeosha marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, kwa ajili ya unga wa siku hiyo, na hapo jumuiya itabidi ijadili unga pia, pamoja na karo.

Wiki ijayo tutateremka Yeriko, kwa Zakayo, mkuu wa watoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne alichodhulumu, na hapo tutazungumza na wanunuzi wa dhahabu juu ya mizani zao.