Je, Wajua? Hoteli ya Mlimani Ilikozaliwa Benki ya Dunia

Je, wajua kwamba Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, zilizaliwa hotelini, tena hoteli ya watu wa likizo?

Hoteli hiyo ni Mount Washington, iliyoko Bretton Woods katika jimbo la New Hampshire, Marekani. Kuta zake ni nyeupe, mapaa mekundu, na baraza lake refu linatazamana na mlima ulioipa jina. Mlima huo una mita 1,917, haufiki hata theluthi ya Kilimanjaro, lakini usiudharau: tarehe 12 Aprili 1934, kileleni mwake upepo ulipimwa ukivuma kilomita 372 kwa saa, rekodi iliyodumu hadi 1996. Tangu 1869 garimoshi linaupanda kwa reli yenye meno katikati, na ndiyo reli ya kwanza duniani ya aina hiyo kupanda mlima.

Aliyeijenga hoteli ni Joseph Stickney, tajiri wa makaa ya mawe na reli. Alileta mafundi wa Kiitaliano wapatao 250, hodari wa mawe na lipu, na milango ikafunguliwa mwaka 1902. Masikini, hakuifaidi, mwaka uliofuata alifariki. Matajiri wa miji ya mashariki walioipenda hawakuja kulala siku mbili wakaondoka. Walihamia kiangazi kizima, na watumishi wao na masanduku yao, wakikimbia joto la mjini. Pale hotelini husimuliwa kwamba ukumbi wa chakula ulijengwa kwa umbo la kuelekea duara ili mgeni yeyote asijione ametupwa pembeni.

Joto hilohilo ndilo lililochangia kuuleta mlimani mkutano ulioanzisha Benki ya Dunia na IMF. Mchumi Mwingereza John Maynard Keynes alikuwa mgonjwa wa moyo, akawasihi Wamarekani wasiwapeleke wajumbe katika jiji la Washington mwezi wa Julai. Hoteli ilikuwa imefungwa kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ikabidi ikarabatiwe haraka haraka. Kuanzia tarehe 1 hadi 22 Julai 1944 ikapokea wajumbe 730 kutoka nchi 44. Vijana wa skauti wa eneo hilo walipeleka ujumbe na kushika vipaza sauti. Mke wa Keynes, Lydia Lopokova, mcheza baleti kutoka Urusi, alifanya mazoezi chumbani hadi mke wa waziri wa fedha wa Marekani akasumbuliwa na vishindo vyake. Keynes mwenyewe, siku chache kabla ya mkutano kwisha, alipanda ngazi mbio kuwahi miadi, na moyo ukamsumbua. Hakuishi miaka miwili baada ya hapo.

Yaliyoamuliwa katika vyumba hivyo vya starehe yaligusa mifuko ya dunia nzima. Dola ilifungwa kwenye dhahabu, dola 35 kwa wakia moja, na sarafu nyingine zikafungwa kwenye dola. Utaratibu huo ulisimama hadi tarehe 15 Agosti 1971, Rais Nixon wa Marekani alipousitisha.

Na Afrika je? Bara zima liliwakilishwa na nchi nne: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hii ya mwisho ilikuwa chini ya utawala wa wachache weupe. Ethiopia ilikuwa na miaka mitatu tu tangu mfalme wake Haile Selassie arudi Addis Ababa kutoka uhamishoni. India, ingawa bado ilitawaliwa na Waingereza, ilikuwa na wajumbe wake mezani. Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar hazikuwa na hata mmoja. Kongo nayo ilikuwa mali ya Ubelgiji, na Ubelgiji ilikuwepo. Hilo la kukosa wajumbe naliona zito kuliko yote hapa, kwa sababu vijana wetu walikuwa wakipigana mwaka huohuo huko Burma chini ya bendera ya Uingereza, na shilingi waliyolipwa ilifuata mwendo wa pauni.

Ukisikia wakubwa wanabishana kuhusu masharti ya mkopo, kumbuka kwamba kanuni za mwanzo ziliandikwa kabla hatujaingia ukumbini. Tanganyika ilijiunga na IMF tarehe 10 Septemba 1962, miezi tisa baada ya uhuru. Uganda ikafuata mwaka 1963, na Kenya mwaka 1964.