Mzee akipoteza haya, usiharakishe kumlaani

Mzee aliyeheshimika kijijini anaanza kuvua nguo sebuleni, au kumshika mkazamwana isivyostahili. Jamaa hunong'ona kwamba amelaaniwa. Kumbe huenda anaugua dimenshia, maradhi ya ubongo yanayopokonya kumbukumbu na busara.

Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo hutuzuia kutenda kila linalotujia akilini. Ikidhurika, haya hutoweka. Pengine mgonjwa humdhania bintiye kuwa mkewe wa enzi za ujana. Hata hivyo, si kila tendo ni ashiki: anayevua nguo huenda anahisi joto au amebanwa na mkojo. Aidha, baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson huweza kuchochea ashiki.

Ufanyeje? Usimkemee wala kumcheka. Uondoe mkono wake kwa upole, umkumbushe wewe ni nani, kisha umpe shughuli nyingine. Nakili tabia hiyo hutokea lini, umweleze daktari. Watoto wasiachwe naye peke yao.

Naye mwenzi wa ndoa akumbuke kwamba asiyeelewa anachoombwa hawezi kukiridhia.

Mgonjwa hakuchagua aibu hii. Heshima aliyoipoteza, jamaa zake ndio wa kumhifadhia.