Gurudumu Linaloingia Si Lazima Liwe Linalofaa

Pikapu ni mali ya jamaa nzima. Asubuhi huwapeleka watoto shuleni, mchana huchukua mbao na saruji, na siku ya gulio hupakia matoke ya Mbarara au viazi vya Kabale. Askari wengi wanapokaribia kustaafu huweka akiba yao katika chombo hiki, nao wake zao huhesabu kila shilingi inayoingia na inayotoka. Basi si ajabu kwamba mwenye pikapu hupenda gari lake lipendeze. Aghalabu jambo la kwanza analotamani kubadili ni magurudumu: apate rimu pana na tairi nene, gari lisimame kama fahali.

Tamaa hiyo si kosa. Kosa ni kununua kwa macho. Muuzaji huigeuza rimu, huhesabu matundu sita, huyalinganisha na bolti sita za gari, kisha husema, "Inaingia." Naam, inaingia, lakini gurudumu linaloingia si lazima liwe gurudumu linalofaa. Kati ya maneno hayo mawili kuna beringi zinazokufa kabla ya wakati wake, usukani unaomshinda dereva, na tairi linalokatwa na chuma hali gari limejaa watu.

MATUNDU NA TUNDU LA KATI

Idadi ya matundu peke yake haitoshi. Toyota Hilux inayovuta kwa magurudumu yote manne ina bolti sita zilizopangwa juu ya duara lenye kipenyo cha milimita 139.7. Nissan Navara ya aina ya D40 nayo ina bolti sita, lakini duara lake ni la milimita 114.3. Mitsubishi L200 za miaka ya karibuni zina duara sawa na la Hilux. Hata hivyo tundu la kati la rimu zake ni kama milimita 67, na la Hilux ni kama milimita 106. Rimu ya L200 hiyo haiwezi kukaa juu ya habu ya Hilux, ijapokuwa bolti zalingana.

MAANA YA OFUSETI

Hata vipimo hivyo vikilingana, limebaki jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Msomaji na afikirie mstari unaougawa upana wa rimu sawasawa katikati. Ule uso wa rimu unaogusa habu na kukazwa kwa nati mara nyingi haukai juu ya mstari huo. Umbali kati ya mstari na uso huo huitwa ofuseti, nao hupimwa kwa milimita. Uso ukiwa upande wa nje wa mstari, ofuseti ni ya kujumlisha, na gurudumu huingia ndani ya bodi. Ukiwa upande wa ndani, ofuseti ni ya kutoa, na gurudumu hutokeza nje. Ukiwa juu ya mstari wenyewe, ofuseti ni sifuri. Rimu nyingi zimegongwa herufi ET na tarakimu: ET30 maana yake ni kujumlisha milimita 30.

Kipimo cha pili ni nafasi ya nyuma, yaani umbali kutoka uso huo wa kukazia hadi ukingo wa ndani wa rimu. Hiki ndicho kinachoeleza ni kiasi gani cha chuma kitakachoingia upande wa breki na springi.

KUPIMA NYUMBANI

Kazi hii haihitaji mashine. Rimu isiyo na tairi ilazwe juu ya gunia, upande unaoonekana na wapita njia ukiwa chini. Ubao ulionyooka uwekwe juu ya ukingo, kisha rula ishushwe kutoka ukingo wa chini wa ubao hadi uso wa kukazia. Tuseme rula inasoma milimita 132: hiyo ndiyo nafasi ya nyuma.

Rimu imeandikwa upana wa inchi 7. Upana huo hupimwa mahali tairi linapokalia, kwa hiyo yafaa kuongeza kama inchi 1 kwa kingo zote mbili. Jumla ni inchi 8, au milimita 203. Nusu yake ni kama 102. Toa 102 katika 132, na jibu ni 30. Ofuseti ni kujumlisha 30.

Sasa mwenye gari aonyeshwa rimu ya inchi 8 yenye ofuseti sifuri. Nafasi yake ya nyuma ni kama milimita 114. Upande wa ndani umepata nafasi ya milimita 18 zaidi, lakini ukingo wa nje umesogea nje milimita 43 kila upande. Hayo ni mabadiliko makubwa.

MADHARA YAKE

Gurudumu likitokeza hivyo, uzito wa gari huibana beringi kwa nguvu zaidi, mfano wa mtu abebaye ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Kila jiwe na kila shimo huupiga usukani kwa nguvu iliyozidi, na boljointi huchakaa upesi. Tope na kokoto hurushwa ubavuni na kuwapiga waendao kwa miguu. Dereva akikata kona, tairi huweza kusugua madigadi.

Ofuseti ya kujumlisha ikizidi mno, hatari huhamia ndani: tairi hugusa tairodi au mkono wa springi mbele, na springi za majani nyuma. Nazo spesa husukuma gurudumu nje vilevile, na zikiwa nene bila bolti ndefu, nati hushika nyuzi chache. Hapo maisha ya abiria hutegemea nyuzi hizo.

KABLA YA KULIPA

Ni vema ofuseti mpya isiachane sana na ile ya kiwandani, na uzito uliogongwa juu ya rimu utoshe kwa gari na mzigo wake. Nati ziwe za aina ya rimu hiyo: nyingine zina ncha ya pia, nyingine zina uso bapa, wala hazibadilishani. Gurudumu moja lijaribiwe kwanza: usukani ukatwe hadi mwisho kulia na kushoto, gari likiwa na mzigo, kisha gurudumu moja likiwa limepanda juu ya kilima kidogo. Baada ya kilomita kama 100 nati zikazwe tena.

Mama wa nyumbani anayeombwa fedha za rimu ana haki ya kuuliza maswali matatu: ofuseti ya zamani ni ngapi, ya mpya ni ngapi, na nani amepima? Mume asiye na majibu na angoje kwanza, achukue rula na ubao. Tahadhari ni kabla ya hatari, na rula ni rahisi kuliko beringi, sembuse uhai wa watoto walioketi nyuma.