Mwalimu Naye Aandike Insha ya Likizo

Hakuna aliyepita katika skuli zetu za Unguja na Pemba asiyeijua insha ya "Nilivyoitumia Likizo Yangu". Skuli hufunguliwa, mwalimu wa Kiswahili akaingia darasani na chaki mkononi, akaandika maneno hayo ubaoni, kisha akaketi. Wanafunzi arubaini au zaidi huinamia madaftari yao na kuandika kwamba walikwenda shamba kwa bibi, wakala maembe, wakaogelea pwani, na wakafurahi sana. Mwaka wa pili yake huandika yale yale. Bibi yuko pale pale na maembe hayajesha, hata kwa yule mtoto ambaye bibi yake alikwisha kufariki, na hata kwa yule aliyeimaliza likizo yote akibeba ndoo za maji.

Linalostahiki kuulizwa, nalo haliulizwi, ni hili: mwalimu mwenyewe aliitumiaje likizo yake, na ni lini mara ya mwisho alipoliandika jambo hilo kwa mkono wake?

Asidhani mtu kuwa mwalimu wetu haandiki. Huandika mno. Huandika azimio la kazi, andalio la somo, daftari la mahudhurio, ripoti za maendeleo, barua za kuomba ruhusa, na fomu ambazo idadi yake huzidi kila Wizara inapopata mfadhili mpya. Lakini maandishi yote hayo humkabili mkubwa wake, na ndani yake mwalimu hayumo. Ukiyakusanya ya miaka ishirini hutajua kama mtu huyu ana watoto, kama hulima, au usiku hukesha na mama yake mgonjwa. Kisha mtu huyo huyo ndiye tunayemtaka amfundishe mtoto kusema la moyoni mwake katika kurasa mbili.

Wenzetu wa Marekani walilikuta tatizo la jamaa na hili zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, chuo kinachochagua vijana waliofaulu vizuri sana, karibu nusu ya waliokuwa wakiingia mwaka wa kwanza walionekana hawawezi kuandika inavyotakikana, wakalazimishwa kusoma somo la ziada. Lawama zikaangukia skuli za sekondari, na skuli zikawarushia walimu. Alikuwapo pale mtu mmoja, James Gray, ambaye alikuwa amesomesha sekondari kabla ya kuingia chuoni hapo. Yeye alilitazama jambo kwa upande mwingine. Aliona kwamba semina ambazo bingwa hutoka chuoni akaja kuwahutubia walimu, kisha akaondoka, hazibadilishi kitu. Na kwamba anayefundisha kuandika hapana budi naye aandike. Katika kiangazi cha mwaka 1974 aliwakusanya walimu 25 kutoka skuli za kandokando ya Ghuba ya San Francisco. Mwalimu akamsomesha mwalimu mwenziwe, na wote wakashika kalamu.

Yafaa nieleze kwa nini kiangazi. Likizo kubwa ya wenzetu hao huangukia baina ya Juni na Agosti, miezi ambayo kwetu kusi inavuma na mtu hutafuta shuka alfajiri. Wengi hudhani likizo hiyo ndefu iliwekwa ili watoto wakavune. Wanahistoria wa elimu wameonesha kuwa sivyo. Katika karne ya 19 skuli za mashamba zilikuwa zikifungwa zaidi wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, na kiangazi zikisomesha; ni skuli za mijini, zilizokuwa zikisomesha karibu mwaka mzima, ambazo zilifunga kwa ajili ya joto la majengo na kwa kuwa wenye uwezo walikuwa wakihama mji. Hayo ni ya pembeni, lakini ni vyema tukumbuke kwamba hata kalenda ya skuli ina watu walioipanga na sababu walizokuwa nazo.

Tuingie katika kazi yenyewe. Walimu huketi kwa duara. Huandika kwa muda mfupi, mara nyingi dakika kumi, bila ya kuinua kalamu na bila ya kufuta. Njia hiyo ilipata nguvu kwa maandishi ya mwalimu mwingine wa huko, Peter Elbow, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1973. Baadaye hugawika katika vikundi vidogo na kila mmoja akasoma alichoandika. Wasikilizaji hawasahihishi kwa wino mwekundu. Husema walichokisikia, palipowagusa, na palipowapotea. Na wanachokiandika si hotuba. Ni mambo madogo ya siku: nyanya zilizochelewa kuiva uani, mzazi aliyezeeka anayehitaji kupelekwa hospitali, rangi ya ukuta iliyokusudiwa tangu mwaka jana, na ule uzito unaoingia kifuani Agosti ikikaribia na darasa likianza kuonekana kwa mbali.

Msomaji ambaye ni ofisa ataniuliza: nyanya za mwalimu zinanihusu nini mimi? Nitamjibu kwa hesabu kwanza. Katika kiangazi kilichotangulia mwaka wa masomo wa 2015 hadi 2016, takriban mwalimu mmoja kati ya sita wa skuli za umma za Marekani alifanya kazi ya kulipwa nje ya skuli. Hiyo ni takwimu ya serikali yao, na takwimu huja ikiwa imechelewa. Aliyekuwa akiketi katika duara la walimu na kusikiliza visomwavyo alilijua jambo hilo mapema zaidi, na alijua ambalo takwimu haiwezi kusema: mwalimu anayeuza dukani wakati wa likizo hujisikiaje mwanafunzi wake anapoingia kununua. Ripoti humpa ofisa idadi ya walimu waliopo kazini. Ukurasa mmoja wa mwalimu humpa hali wanayokuja nayo kazini.

Faida iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya darasani, na hapa ndipo ninapotaka tutulie. Mpe mtu mzima, mwalimu wa miaka kumi na tano, karatasi na dakika kumi, umwambie aandike juu ya siku moja ya likizo yake. Ataandika: "Likizo yangu ilikuwa nzuri na nilifurahi sana." Kisha kalamu itasimama. Atatazama dirishani. Atagundua kwamba maneno aliyokuwa akiyakata kwa wino mwekundu miaka yote ndiyo ya kwanza kumjia yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu na mkono. Akivumilia dakika mbili atamkumbuka mke wa nduguye aliyekuwa akikuna nazi kwa mkono mmoja, mwingine umefungwa kitambaa, na hapo ndipo insha inapoanza. Mwalimu aliyepitia hayo hatarudi darasani kumwandikia mtoto "Ongeza maelezo." Atamwinamia na kumuuliza: bibi yako alikuwa ameshika nini ulipofika?

Wenzetu wamejaribu pia kupima. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya 44 za vijijini zenye umaskini, katika majimbo 10, na kutolewa mwaka 2015, uliona kwamba wanafunzi ambao walimu wao walipata mafunzo ya Mradi wa Taifa wa Uandishi, uliokua kutokana na kazi ya Gray, waliandika vizuri zaidi maandishi ya kujenga hoja. Nisidanganye: mafunzo yaliyopimwa yalikuwa ya hoja, hayakuwa ya vipande vya kiangazi. Lakini chimbuko ni lile lile, mwalimu mwenye kalamu mkononi.

Wapo watakaomtaja Frank McCourt, mwalimu wa New York aliyesomesha kiasi cha miaka thelathini na kutoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 66 na amekwisha kustaafu, mwaka wa pili yake kikapata tunzo kubwa ya Pulitzer. Watamtaja ili kusema kwamba kila mwalimu ni mwandishi mashuhuri aliyejificha. Mimi sioni hivyo. Hatuhitaji walimu mashuhuri. Tunahitaji mwalimu wa Micheweni au wa Makunduchi ambaye, akisema "andikeni", anajua anawaagiza nini.

Wala jambo lenyewe si geni kwetu kama tunavyodhani. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia skuli tunakumbuka kwamba maalimu ndiye aliyekuwa akiandika mwanzo. Alichonga kalamu yake, akachovya wino, akaandika herufi juu ya ubao mbele ya macho yetu, nasi tukafuatisha juu ya nyayo za mkono wake. Hakuna maalimu aliyetaja herufi kisha akaketi. Na katika zama za ukoloni Idara ya Elimu ya Zanzibar ilikuwa ikitoa jarida lililoitwa Mazungumzo ya Walimu wa Unguja. Lilikuwa mali ya Idara, na Idara ilikuwa ya mkoloni. Lakini jina lake peke yake linatukumbusha kwamba iliwahi kufikiriwa hapa visiwani kuwa walimu wana la kuzungumza wao kwa wao, na kwamba mazungumzo hayo yanaweza kuchapwa.

Tofauti yetu na watu wa Berkeley ni kubwa katika jambo moja, nalo tusilipuuze. Wao wanaweza kuketi kwa duara wasijuane. Kisiwani hakuna asiyejuana. Mwalimu akisoma mbele ya wenziwe kwamba alikosana na mkwewe sikukuu ya pili, mmoja wa wasikilizaji ni binamu wa mkwe huyo, na magharibi haijaingia habari imekwisha kufika. Dini yetu na mila zetu zimetufunza sitara, na sitara si uwoga. Kwa hiyo duara letu litakuwa na adabu yake. Mtu aandike alichokifanya kwa mikono yake, njia aliyoipita, kilichomchosha na kilichomtuliza. Ya watu awaachie wenyewe. Na asiyetaka kusoma asilazimishwe. Kuandika peke yake kunatosha. Walimu wanawake, ambao likizo kwao mara nyingi ni kubadilisha kazi ya skuli kwa kazi ya nyumbani, wapewe nafasi ya kuketi peke yao wakipenda. Naamini kurasa zao zitawastaajabisha wengi wetu.

Hoja ya maslahi nayo ipo. Mwalimu anayesubiri malimbikizo yake, akiambiwa aandike kisa cha likizo, ana haki ya kuguna. Kalamu hailipi deni, na kiongozi atakayeitumia insha ya mwalimu mahali pa mshahara wake atakuwa amemdhulumu mara mbili.

Linalonitia hofu zaidi ni sisi viongozi wenyewe. Nimekaa katika vikao vya kutosha kujua kitakachotokea fikra hii ikipitishwa. Itaundwa kamati. Itatoka fomu yenye safu za kujaza, itawekwa idadi ya kurasa kwa kila wilaya na tarehe ya kuziwasilisha, na mwisho wake mwalimu ataandika kwamba likizo ilikuwa nzuri na anaishukuru Wizara. Kwa Marekani mambo yalikwenda kinyume: kazi ilianza chini, kwa watu 25, na serikali kuu iliingia na fedha zake mwaka 1991 baada ya walimu kuithibitisha. Mwaka 2011 ruzuku hiyo ya moja kwa moja ilipoondolewa, mradi ulipata shida lakini haukufa, kwa sababu mizizi yake ilikuwa katika vyuo vya mahali na kwa walimu wenyewe.

Sisi tunavyo vituo vya walimu, Unguja na Pemba, na walimu hukutana humo kwa mafunzo. Inatosha nusu saa kabla ya mafunzo kuanza, katika kila mkutano wa wakati wa likizo: dakika kumi za kuandika, na zilizobaki za kusomeana. Isihitajiwe bajeti. Mkuu wa kituo aandike pamoja na wengine, na Ofisa Elimu akihudhuria apewe karatasi kama wao. Daftari libaki mkobani mwa mwenyewe. Mkaguzi akitaka kujua kilichomo, aombe asomewe, na kabla ya hapo asome cha kwake.