Nani Anamkagua Kiongozi wa Feloshipu?

Sisi wa elimu tunaijua hofu moja ambayo wenzetu wa sheria na biashara hawaijui. Uko ubaoni, darasa limetulia, mara mlango unafunguliwa na msimamizi wako wa TP anaingia, anakaa dawati la nyuma na kutoa fomu yake. Anataka andalio la somo. Anataka azimio la kazi. Kipindi kikiisha anakuita chini ya mwembe na kukuambia ulipokosea, na wengine hawana huruma kabisa. (Wapo pia wanaosaini fomu bila kusikiliza, lakini hao tuwaache.) Hakuna anayekabidhiwa kidato cha pili kwa sababu tu anapenda watoto.

Sasa niwaambie nilivyopata uongozi wa feloshipu. Jumapili moja, nikiwa mwaka wa pili, jina langu lilitajwa, watu wakapiga makofi, viongozi waliomaliza muda wakatuwekea mikono na kutuombea. Makabidhiano yalichukua robo saa: muhuri, daftari la mahudhurio, ufunguo wa stoo ya spika, na orodha ya mwaka wa kwanza wa kuwafuatilia. Nikawa mkuu wa idara ya maombi na ufuatiliaji. Niliambiwa Bwana atakuwa pamoja nami, nikaamini, na hata leo naamini. Lakini hakuna aliyeniambia nifanye nini mtu akigonga mlango usiku analia.

Na aligonga. Binti wa mwaka wa kwanza, amefiwa na baba yake. Nilimkaribisha, nikamtia moyo, nikamwombea kwa sauti mpaka jirani wa chumba cha pili akaitikia amina. Akasema, "Asante, dada," akaondoka. Nililala vizuri usiku ule, nikijua nimefanya kazi ya Mungu. Baada ya hapo hakuonekana tena kwenye ibada zetu. Nitarudi kwake.

Wengi wetu tunadhani mafunzo ya huduma ni habari ya wanaokwenda seminari, na kweli hao wanasoma. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa inamtaka mseminari asome angalau miaka sita, miwili ya falsafa na minne ya theolojia, na kabla ya upadre anapitia ushemasi. Miaka yote hiyo yuko chini ya walezi wanaomwona anavyoishi, siyo anavyojibu mtihani tu. Walutheri wana Makumira, karibu na Usa River, chuo kilichoanzia Lwandai, Lushoto, mwaka 1947 na kuhamia hapo 1954. Kenya kuna St Paul's, kilichoanzia Frere Town, Mombasa, mwaka 1903, kikahamia Limuru 1930. Vyuo hivi vimetoa watu wengi.

Ila nenda kijijini Jumapili uangalie nani yuko mbele. Mara nyingi siyo mchungaji wala padre, maana yeye ana mitaa au vigango kadhaa na hawezi kufika kote. Aliye mbele ni mwinjilisti, katekista, mzee wa kanisa, mama kiongozi wa jumuiya. Ndiye anayefundisha watoto wa kipaimara, ndiye wa kwanza kuitwa mgonjwa akizidiwa, ndiye anayepatanisha ndugu waliogombea shamba. Sehemu nyingi wanamwita "Mwalimu", na jina hilo lina historia: enzi za misheni aliyefundisha kusoma na kuandika siku za wiki ndiye aliyeongoza sala Jumapili. Stefano Moshi, mkuu wa kwanza wa KKKT ilipoundwa mwaka 1963, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya uchungaji. Josiah Kibira, askofu wa Bukoba aliyechaguliwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani mwaka 1977, naye alitokea darasani. Nikisoma hayo huwa najiona nimo ukoo mzuri.

Huyu "Mwalimu" wa kijijini hawezi kuacha shamba na watoto akakae bwenini miaka minne. Tatizo hilohilo liliwakuta Wapresbiteri wa Guatemala. Seminari yao ilikuwa mjini, vijana walikwenda kusoma na wengi hawakurudi kutumika vijijini, huku makanisa yakiongozwa na wakulima na wafanyabiashara wasio na mafunzo. Mwaka 1963 wakageuza utaratibu: kitabu kimfuate kiongozi nyumbani kwake, na mkufunzi akutane na kikundi karibu naye kila wiki. Njia hiyo ilisambaa mpaka Afrika Mashariki, na kwetu ikaitwa theolojia kwa enezi. Kilichonivutia ni mzunguko wake. Unachosoma Jumanne unakitumia Jumapili, na Jumanne nyingine unarudi na maswali ya kweli, siyo ya kutunga.

Kuna aina nyingine ya mafunzo ambayo kwangu ndiyo TP yenyewe ya huduma. Aliyeianzisha ni Anton Boisen, mchungaji wa Marekani ambaye yeye mwenyewe aliwahi kulazwa hospitali kwa ugonjwa wa akili. Mwaka 1925 alianza kuwapeleka wanafunzi wa theolojia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts, akitaka wajifunze kwa wagonjwa kama wanavyojifunza kwa vitabu. Leo mafunzo ya jinsi hiyo yanatolewa pia hapa kwetu, KCMC Moshi. Mwanafunzi anamtembelea mgonjwa, anarudi, anakaa na karatasi na kuandika mazungumzo yote kadiri anavyokumbuka: yeye alisema hivi, mimi nikajibu hivi, hapa tulinyamaza. Jina la mgonjwa haliandikwi. Halafu anasoma mbele ya wenzake wachache na msimamizi, nao wanamuuliza: hapa kwa nini ulibadilisha mada? Hapa ulikuwa unamtuliza yeye au unajituliza wewe?

Mchungaji wa wanafunzi alipotueleza utaratibu huo, muhula uliopita, nilirudi chumbani nikajaribu na yule binti. Miezi mingi ilikuwa imepita, kwa hiyo siyo neno kwa neno, lakini haya nilikuwa na uhakika nayo:

Yeye: Dada, baba amefariki. Wamepiga simu sasa hivi.
Mimi: Pole sana mdogo wangu. Mungu ana makusudi.
Yeye: Wanazika keshokutwa. Basi la Kigoma linaondoka saa kumi na moja alfajiri.
Mimi: Usilie. Wewe ni mtu wa imani.
Yeye: Sijui hata kama lina nafasi. Na bumu bado halijatoka.
Mimi: Tuombe.

Nilipomaliza kuandika mstari wa mwisho niliweka kalamu chini. Mara mbili alinitajia basi, mara moja akanitajia hela. Kundi letu la WhatsApp lina watu zaidi ya sitini. Nauli ya Kigoma ingepatikana kabla ya saa sita usiku. Nilimtafuta kesho yake. Hakuwahi mazishi. Alifika siku ya tatu, watu wameshaanza kutawanyika. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nilidhani kuomba hela wakati wa maombi ni kukosa imani." Hilo nalo alijifunza kwetu.

Nimewasikia wanaosema mafunzo yanazima Roho, na kwamba Petro alikuwa mvuvi asiye na cheti. Ni kweli hakuwa nacho. Lakini Marko anasimulia kwamba Yesu aliwatuma wale Kumi na Wawili wawiliwawili, nao wakarudi wakamweleza yote waliyofanya na kufundisha. Wavuvi wale walikuwa na mtu wa kurudi kwake. Mimi nilikuwa na muhuri na ufunguo wa stoo.

Tangu mwezi huo tunakutana viongozi wanne na mchungaji, kila Alhamisi saa kumi jioni. Mmoja anasoma mazungumzo yake, wengine wanauliza, kisha karatasi inachanwa palepale, maana siri za watu siyo mali ya kamati. Haijawa rahisi. Mwenzetu mmoja alikasirika akasusa wiki mbili, na mimi zamu yangu ikifika tumbo linauma kama siku ya TP.

Uchaguzi ni mwezi ujao. Tumekubaliana safari hii watakaochaguliwa wakae nasi Alhamisi tatu kwanza, wasikilize, wajaribu kuandika. Muhuri watapewa baadaye.