Kupima Ugumu wa Maandishi kwa Kompyuta: Je, Kipimo Hicho Chafaa kwa Kiswahili?

Programu za kuandikia kwa kompyuta, kama vile Microsoft Word, zaweza kumwonyesha mwandishi, baada ya kukagua tahajia na sarufi, wastani wa maneno katika sentensi zake pamoja na alama mbili za ugumu wa andiko. Alama hizo zavutia. Mchungaji atungaye mahubiri yatakayosomwa na wainjilisti mitaani, au masomo ya kipaimara, angependa kujua mapema kama yataeleweka. Yafaa basi tuchunguze jinsi zinavyopatikana.

Ya kwanza ni ya Rudolf Flesch, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, ambaye alitangaza kanuni yake mwaka 1948. Ya pili ilitokana na hiyo mwaka 1975, J. Peter Kincaid na wenzake walipoirekebisha kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Zote mbili hutazama mambo mawili tu: urefu wa sentensi kwa maneno, na urefu wa neno kwa silabi. Flesch huanza na 206.835, hupunguza wastani wa maneno katika sentensi mara 1.015, kisha wastani wa silabi katika neno mara 84.6. Andiko jepesi hukaribia 100, gumu hukaribia 0. Kanuni ya Kincaid hutaja darasa la shule.

Kwa Kiingereza hesabu hiyo ina msingi, kwani maneno ya nyumbani aghalabu ni mafupi, na yale marefu mengi yametoka Kilatini na Kiyunani. Kiswahili hakikujengwa hivyo. Tuchukue sentensi "Watu walikuja kanisani", yenye maneno 3 na silabi 10. Kwa kanuni ya Flesch yapata takriban 78 chini ya sifuri; kwa ile ya Kincaid yamhitaji msomaji wa darasa la 25! Mtoto wa Shule ya Jumapili aielewa mara moja. Lakini "toba" na "fidia", maneno mafupi yaipendezayo mashine, ndiyo tunayoyafundisha kwa miezi.

Kipimo chenyewe hutegemea mahali tunapoacha nafasi. "Nawapenda" kwa Kizulu ni ngiyabathanda, neno moja. Kwa Kisotho ni ke a ba rata, maneno manne. Hizi ni lugha za Kibantu zilizo jirani, zilizotofautiana katika desturi ya kuandika. Vivyo hivyo, mwanafunzi akiandika "ambaye alikufa" badala ya "aliyekufa", wastani wa silabi kwa neno hushuka kutoka 5 hadi 3.5 na mashine humsifu, ingawa sentensi imerefuka na Kiswahili chake kimepoa. Hatari kwa mimbari zetu ni hiyo: kuiharibu lugha ili kuiridhisha tarakimu.

Wastani wa maneno katika sentensi, hata hivyo, wafaa kutazamwa, hasa kwa andiko litakalosikika badala ya kusomwa kimya. Mwandishi alinganishe mahubiri yake yeye mwenyewe, wala asiazime viwango vya Kiingereza, maana kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendewa.

Luther, katika barua yake ya mwaka 1530 kuhusu kutafsiri, aliwaelekeza watafsiri kwa mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni. Njia iliyo karibu na hiyo ilitolewa na Wilson Taylor mwaka 1953: futa kila neno la tano, kisha wape wasomaji wajaze mapengo. Kompyuta hurahisisha kazi hiyo. Kwa Kiswahili naona heri kufuta kila neno la saba, kwa kuwa kitenzi kikiondoka huondoka na mengi. Wapewe washarika wachache wasiopata kuliona andiko hilo, na sentensi ya kwanza iachwe nzima. Taylor alihesabu neno lilelile tu. Kwetu neno lenye maana sawa lipokewe. Pengo lililowashinda wengi laonyesha sentensi ya kuandikwa upya kabla nakala hazijapelekwa mitaani.