KIHAMBA CHA MOSHI NA HESABU YA BUSTANI

Ndugu wanachama, baadhi yenu mmetuuliza kama yafaa kumlipa fundi achore bustani ya nyumbani. Kabla ya kujibu tulivuka bahari mpaka Moshi, tukapanda mlima hadi Shimbwe Juu, ambako kihamba cha Wachaga kilitambuliwa na FAO mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Kihamba ni bustani izungukayo nyumba, na kwa kawaida haifiki hekta moja. Juu ipo miti mirefu ya kivuli na mbao. Chini yake migomba, kisha mibuni, na chini kabisa magimbi na maharagwe. Ng'ombe hufungwa bandani, hukatiwa majani na migomba, na samadi yake hurudi mashinani. Maji huletwa na mfongo, kwa zamu.

Basi hesabu yao huanzia kwenye maji na samadi. Sisi, tukubali aibu, bustani yetu tuliianza kwa ua na lango; fedha zikaisha hata mche mmoja hatujanunua!

Mapatano ya kahawa ya dunia yalipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka. Wako waliong'oa mibuni, lakini migomba iliendelea kulisha nyumba. Na mkarafuu, mnaujua, hauzai sawasawa kila mwaka. Atakayemwita fundi amwulize kwanza: mwaka usio na karafuu, bustani hii itatulisha nini? Na gharama ya maji umeiandika wapi? Asipojibu, asipewe arubuni.